Siku Uliyovua Koti

Baba Zuhura,

Eda yako imekwisha. Nimeikaa yote ndani ya chumba hiki hiki cha Bellevue, hapa Johannesburg, ulichokipaka rangi ya kijani nisiyoipenda, na muda wote huo sikukusema vibaya hata mara moja. Watu walikuja wakakusifu, nikaitikia. Sasa nimeoga, nimebadilisha nguo, na nina maneno yangu na wewe. Kaa usikilize. Safari hii huwezi kuniambia "nakuja sasa hivi" ukatoka nje.

Nimekukasirikia. Nilitaka hilo litangulie, yasije yakaingia mengine nikalisahau.

Habari za hapa ni hizi. Zuhura amepanda darasa, na lile jino la mbele ulilomng'oa kwa uzi limeota, kubwa kuliko mdomo wake. Kiswahili anakielewa chote, ila nikimsemesha ananijibu Kizulu, na akiudhika anasema "eish" vilevile ulivyokuwa ukisema wewe. Mashine yako ya kuchomelea iko chini ya kitanda. Mwenzako wa kule karakana ya Bertrams alikuja kuiulizia nikamwambia haiuzwi, ingawa najigonga kidole kila nikifagia. Maandazi yangu alikuwa akinipelekea Mama Furaha, yule Mkongo wa chumba cha mbele, anayapeleka spaza, kile kiduka cha kona, wakati mimi sitoki. Kila akirudi ananiambia "kuraji, Mama Zuhura, kuraji." Nimeichoka hiyo kuraji, hiyo "jipe moyo" yao, lakini sina wa kumwambia zaidi yako.

Umekufa kwa theluji. Mtu wa Tanga, uliyekuwa ukivaa sweta mwezi wa saba kwenu ambako watu wengine wanalala vifua wazi, umefukiwa na theluji juu milimani Lesotho ukiwa kazini. Mimi mwenyewe nikiisema kwa sauti naona haiaminiki, sembuse kwenu.

Unakumbuka nilikukataza? Ulikuja na habari ya hoteli ya mlimani, wanataka fundi wa kuchomelea vyuma vya roshani, kazi ya msimu mmoja. Nikakuambia Selemani, wewe ukifungua friji unakohoa. Ukacheka, ukaninunulia mkate wa nyama, ukaenda. Kisha kila ukipiga simu ikawa ni baridi tu. Baridi imekushika meno. Baridi imegandisha maji ya kutawadhia, unatayamamu kwenye jiwe kama mtu wa jangwani. Ukawa unaniambia, "Mama Zuhura, niombee joto. Usiniombee kitu kingine." Nami mkeo nilikuwa mtiifu. Kila nikimaliza kuswali nakuombea joto.

Mwezi wa tisa ukafika, huku Johannesburg miti ya barabarani imeanza kuchipua, huko kwako juu mlimani ikaanguka theluji nyingi kuliko ya kipupwe chote. Kwenye televisheni watu wanashangilia. Waliokuwa na magari wakapakia watoto wakaenda milimani kupiga picha. Zuhura alilia kwa kuwa hakwenda. Akasema baba yake analala kwenye theluji na yeye hajawahi hata kuigusa. Halafu ikabadilika ghafla. Ukaja upepo wa joto, na mvua ya manyunyu juu yake.

Asubuhi ile ukatutumia video. Paa la mabati la hoteli, theluji imekaa juu yake nene kama godoro, mara ikateremka yote kwa pamoja ikaanguka chini, na wewe unasikika unacheka nyuma ya simu. Ukaigeuza simu ukatuonyesha mikono yako mitupu. "Mama Zuhura, mambo yamekwisha, joto limekuja. Nimevua koti." Nikakujibu alhamdulillahi. Zuhura akaitazama ile video, akaitazama tena, akawa anaiga jinsi unavyocheka. Tulifurahi sote watatu, Baba Zuhura. Yaani kifo chako tulikipokea kwa furaha, kikiwa kimekuja na kubisha hodi.

Jioni wakanipigia simu.

Yaliyotokea hasa nilikuja kuambiwa na Ntate Mpho, msimamizi wenu, mtu wa huko huko milimani, ambaye ndiye aliyekuchimbua kwa koleo. Alikuja hapa baada ya maziko, amepanda teksi, hizi daladala za huku, safari nzima, blanketi moja mabegani na jingine mkononi. Lile la mkononi limetoka kwa tajiri wenu mwenye hoteli. Blanketi. Ulipokuwa hai unatetemeka hakukupa hata soksi, umekufa ndiyo analeta blanketi. Nililipokea nikashukuru, kwa sababu nimelelewa.

Mimi nilikaa nyuma ya pazia, yeye kwenye kiti cha mlangoni. Kisotho sikijui, Kiswahili hakijui, Kiingereza chetu sote wawili ni cha dukani. Kizulu ndicho alichokijua vizuri. Nikamwita Mama Furaha, lakini Kizulu cha Mama Furaha ni cha kuuzia nyanya. Basi aliyetafsiri ni Zuhura.

Alisimama katikati, mkono mmoja ameshika pazia. "Anasema theluji ikiwa na baridi inaushika mlima. Anasema mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani yake, yanashuka mpaka chini, inakuwa nzito na haishiki tena. Anasema wao huko hawaogopi siku ya baridi, wanaogopa siku ya joto." Akamsikiliza tena. "Anasema lile paa lilipoangusha theluji yake, yeye alijua mlima unafuata. Anasema alimwambia baba asiende bondeni mpaka kesho asubuhi na mapema, ikishaganda tena." Mtungi wako wa gesi ulikuwa stoo, na stoo iko chini ya korongo, na korongo limejaa theluji. Tajiri amepiga simu kwamba wageni wanakuja mwisho wa wiki, roshani iwe imekwisha. Ntate Mpho aligoma kushuka. Wewe je?

"Anasema baba alicheka," akasema Zuhura. "Anasema baba alimwambia yeye ni mtu wa joto, kinachomuua ni baridi. Akateremka na shati." Halafu akafunua pazia akanitazama. "Mama, niendelee?"

Nikamwambia endelea.

Hilo sitakusamehe upesi. Kufa umekufa, kila mtu atakufa. Lakini mwanangu alisimama hapa akanitafsiria jinsi baba yake alivyofukiwa, neno kwa neno, na alipokosa neno la Kiswahili akaonyesha kwa mikono, hivi, kitu kinachoteremka. Mzee wa watu alijifunika uso kwa blanketi lake. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira mno. Mtu wa mlimani amekwambia usiende, amezaliwa hapo, baba yake amefia hapo, na wewe wa pwani unamfundisha mlima kwa sababu umeona kijua. Na najua ulivyowaza. Najua kabisa, ndiyo maana inaniuma. Kwetu sisi joto halijawahi kumdhuru mtu. Hata mimi ningeshuka.

Sasa sikiliza ya kwenu.

Tulikuzika hapa. Ulikuwa umeshakaa sana kwenye chumba cha maiti kule ng'ambo ya mpaka, wazee wa msikitini wakasema tusikucheleweshe zaidi, nami nikakubali. Waliokuosha wakaniletea salamu kwamba mwili ulikuwa safi, hauna hata mchubuko, umelala tu. Mimi kwa ujinga wangu nikaona ni faraja, nikampigia Shemeji Bakari nikamwambia, kaka yako hakuumia, mwili hauna alama. Kisha akasema, "Hauna alama? Basi alikula nini?"

Huko kwenu mtu akifia Johannesburg ana vifo viwili tu, risasi au sumu. Risasi ingeacha tundu. Imebaki sumu, na mpishi wako ni nani? Ni mimi, mwanamke wa Temeke, niliyeharakisha kukuzika ili watu wasione. Ukiwa Lesotho na mimi Bellevue, milima na mpaka katikati, nilikupikiaje? Hilo hakuna aliyeliuliza. Nikawatumia ile video ya paa. Bakari akajibu, "Huyo anacheka. Mtu wa kufa anacheka hivyo?"

Kisha wakakaa kikao. Bakari akaandika kwenye kundi la ukoo, mimi nikiwemo humo humo, kwamba mtoto wa ndugu yao hawezi kulelewa na aliyemuua baba yake. Eda ikiisha, Bakari atapanda basi aje amchukue Zuhura ampeleke Tanga. Alisahau kwamba nasoma? Hakusahau. Alitaka nisome.

Bakari simjali. Ulimjua mwenyewe, anagombana hata na redio. Aliyenikata maini ni Mama. Mama yako, aliyenipokea kwa mikono miwili, aliyekuwa ananiita mwanangu mbele ya binti zake mpaka wakanuna. Nilimpigia nikamweleza yote aliyoyasema Ntate Mpho. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Barafu nimeuza mimi maisha yangu yote, mke wa Selemani. Huyo mwanangu nimemnyonyesha barafu. Nimemvisha kwa barafu, nimemsomesha kwa barafu, kila siku natia mkono humo kwenye friza. Nayo imuue? Nitafutie maneno mengine." Mke wa Selemani. Sikuwa tena mwanangu.

Nilikata simu nikakaa chini. Unajua nilikuwa nawaza nini? Kwamba hata ningekuwa mimi, mtu akaniambia mwanangu ameuawa na kile kile kinachouzwa kwenye vifuko vya nailoni kwa watoto wa shule, nisingemwamini.

Wakati wote huo Zuhura anasikia. Mtoto anayejibu Kizulu watu hudhani hasikii Kiswahili. Aliuliza kama kwa Bibi kuna televisheni. Aliuliza kama Baba Mdogo Bakari anapiga watoto. Na siku moja, Baba Zuhura, nimemwekea chai mezani, mtoto aliyeitafsiri habari yote kwa mdomo wake mwenyewe, akakisogeza kikombe kando akanitazama. Nikakichukua kile kikombe nikanywa nusu, nikamrudishia. Akanywa. Hatujawahi kulizungumza. Nilikuchukia siku hiyo kuliko siku zote, wewe na mlima wako na ndugu zako.

Begi lake nililitoa juu ya kabati nikalirudisha mara sijui ngapi. Kwenda naye Tanga siwezi, nani atanipokea? Kumficha siwezi, nitamficha wapi, kila Mtanzania wa mji huu anamjua mwenzake. Na kweli Bakari angekuja. Alishanitumia picha ya tiketi.

Eda ikiwa imebaki kidogo, Mama akapiga simu, peke yake, mchana. Alitaka kujua vipimo vya Zuhura, amshonee sare ya shule. Sauti kavu. Nikamtajia urefu, nikamtajia kiuno, nalia bila kutoa sauti. Katikati ya hesabu hiyo akasema, "Subiri kwanza, umeme umekatika tangu asubuhi, nione mzigo wangu." Nikamsikia anaweka simu juu ya kitu. Nikasikia mfuniko wa friza unafunguliwa. Kisha nikasikia kishindo, puu, na Mama anapiga yowe.

Nikaita, Mama, Mama. Akarudi kwenye simu anahema. "Lile gome la barafu la ukutani. Limeanguka lote kwa mpigo, kidogo linivunje mkono. Ndivyo linavyofanya umeme ukikatika. Likiwa na baridi lake hata kwa kisu hulibandui, ligonge utakavyoligonga. Likipata joto kidogo tu, maji yakishapita nyuma yake, linakuachia bila taarifa."

Niliibana simu sikioni. Nikasikia kule Tanga maji yanadondoka, do, do, kwenye sakafu yake.

Akaniuliza taratibu sana, "Siku ile kulikuwa na joto?"

"Kulikuwa na joto, Mama."

"Na mvua?"

"Na mvua. Alivua koti."

Hakuniuliza friza la huko lina ukubwa gani. Alijua. Nilimsikia anakaa chini, pengine hapo hapo kwenye maji. Mama yako hakulia kwenye msiba, waliniambia wote, alikaa mkavu kama jiwe akisubiri kuambiwa nani kakuua. Siku hiyo alilia. Alilia kwa sauti ya mtu aliyepewa habari dakika ile ile, na ni kweli ndiyo kwanza alikuwa amepewa. Mimi nilitaka kufurahi kwamba nimeaminiwa. Haikuja hiyo furaha. Nilikuwa nimemtoa mikononi mwa muuaji wa kumlaani nikamwachia friza lake.

Alipotulia akasema, "Mwanangu."

Nikasema, "Abee, Mama."

"Aliniambia nimwombee joto. Nikamwombea. Kila alfajiri, mwanangu, nilikuwa naamka kumwombea joto."

Nilikuwa sijamwambia mtu neno hilo. Wala Mama Furaha, wala imamu, wala Ntate Mpho. Nilikuwa nimelikalia eda nzima, nikidhani ni langu peke yangu. Nikamwambia, "Na mimi, Mama." Hakuna aliyekata simu. Tulikaa hivyo, kila mmoja anamsikia mwenzake anavuta pumzi, mpaka salio lake likaisha.

Bakari haji. Aliandika kwenye kundi: "Mama ameamua mtoto abaki." Basi. Hakusema tulikosea, hakusema samahani, na chini yake akabandika ile picha ya maua ya kutakia watu Ijumaa njema. Nami nikamjibu Ijumaa njema na wewe, Shemeji. Ningemwambia nini? Mama anasema friza ameligawa, sasa anauza vitumbua. Nimemwambia asitie hamira nyingi. Amenijibu kwamba alikuwa anapika vitumbua kabla sijazaliwa. Nikajua tumerudiana.

Na hoteli yako imefunguliwa. Ntate Mpho ameacha kazi, lakini amenipigia. Anasema roshani alimalizia fundi mwingine, wageni wanaegemea vile vyuma vyako wanapiga picha za mlima. Stoo wameihamisha. Wameihamisha sasa, Baba Zuhura. Kumbe ilikuwa inahamishika.

Sasa nikuage, maana maji ya kukandia maandazi yanapoa. Nimejaribu kukutafutia maneno matamu ya kumalizia nimeyakosa, utaniwia radhi. Nilikupenda, hilo unalijua, nilikupenda hata ulipokuwa unakoroma. Ahadi yangu ni moja. Zuhura akikua, kokote atakakokwenda, akiambiwa na mwenyeji "usipite hapa leo," hatacheka. Nitamfundisha hilo kabla sijamfundisha kupika. Na dua nitakuombea kila siku, rehema na msamaha na kaburi pana. Hali ya hewa sikuombei tena.

Koti lako Ntate Mpho alilileta pamoja na lile blanketi. Alilikuta msumarini pale ulipolitundika, kavu, halina hata tone. Kesho ndiyo natoka nje mara ya kwanza, nampeleka Zuhura shule kwa miguu yangu. Huku ni kiangazi, jua linachoma, watu wa mtaa huu watanicheka kutoka kona mpaka kona. Nitalivaa.

Mkeo,
Mama Zuhura